HISTORIA YA NAKSHI ZETU ZA KIOO, 2014 HADI 2024



Wapo wenzetu tulioanza nao wakatangulia mbele ya haki, wapo waliohama na waume zao, na wapo waliotutoka kwa hasira. Hao nao tutawataja humu, kwa sababu historia isiyotaja ugomvi si historia, ni risala ya kumfurahisha mgeni rasmi tu.

Watu wengi wanaofika kwenye banda letu hapa Moshi huuliza swali moja: "Akina mama, haya maua mmeyaingizaje ndani ya kioo?" Wengine hupapasa kioo kwa kidole wakitafuta mkwaruzo, wasiuone. Mbele kioo ni laini kabisa, lakini majani ya mgomba na maua yanaonekana yamekaa humo ndani kwa rangi, na pembeni mtu anajitazama uso wake kama kawaida. Kamati ikaona tuandike jinsi kazi hii ilivyotufikia, ilikotoka duniani, na gharama yake, ili watoto wetu wasije wakadhani tulipewa na mfadhili.

TULIPOANZA

Tulianza mwaka 2014 tukiwa wanawake 22. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000 kwa wiki, na mfuko wa jamii shilingi 200. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, lakini hesabu ya fedha mkononi tunaijua vizuri. Mbali na kuweka na kukopa, tulikuwa na miradi miwili ya pamoja: batiki, na sabuni ya kufulia.

Tunaitaja miradi hii makusudi, kwa maana kioo kilizaliwa humo. Katika batiki unapaka nta ya moto juu ya kitambaa. Palipo na nta rangi haipiti, pasipo na nta rangi inaingia. Ufundi huu asili yake ni mbali, huko Java katika Indonesia, nasi tumeupokea na kuufanya wetu kwa mihuri ya sponji ya godoro tunayoichonga kwa wembe. Na katika sabuni unachanganya mafuta na kostiki soda. Basi ndani ya stoo yetu kulikuwa na nta upande mmoja na ndoo ya kostiki upande wa pili, miaka minne, na hakuna aliyefikiri vitu hivyo viwili vinaweza kukutana.

FEDHA ILIYOPOTEA

Mwaka 2016 batiki ikaanza kudoda. Vitambaa vya kiwandani vilivyochapwa kama batiki vilijaa sokoni kwa bei ambayo sisi hata nta tusingeirudisha. Mwaka 2017 akaja mtu mmoja aliyejiita mtaalamu wa nakshi za vioo na vibao. Akatuonyesha sampuli nzuri, akasema siri yake ni mashine, na mashine ni shilingi 2,400,000. Tukitoa 800,000 ya kwanza atailetea mlangoni.

Jamani, sisi viongozi tulisaini. Fedha ikatoka, mtu akaondoka, simu ikawa haipatikani. Mkutano wa mwezi uliofuata ulikuwa mgumu kuliko yote tuliyowahi kukaa. Wanachama watano walidai hisa zao papo hapo wakaondoka, na hawakukosea kukasirika, kwa sababu fedha ile ilikuwa ada ya watoto wao. Waliobaki tulikubaliana mambo mawili: tutailipa ile 800,000 kidogo kidogo kutoka kwenye faida, si kutoka kwenye hisa za mtu, na hatutanunua tena kitu tusichojua kinavyofanya kazi.

SUFURIA ILIYOTOBOKA

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja alikuwa zamu ya sabuni. Ndoo ya plastiki ilikuwa imepasuka, akaona ayeyushe kostiki kwenye sufuria ya alumini. Tulisikia mlio kama wa mafuta ya maandazi. Maji yakachemka yenyewe bila moto, povu likapanda, moshi mkali ukatufukuza wote nje. Tuliporudi sufuria ilikuwa imekuwa nyeusi, na kitako chake kina tundu. Tulimshukuru Mungu hakuna aliyeungua, wala moto haukuwa karibu, kwani tumekuja kujua kwamba hewa ile inayotoka ni haidrojeni, nayo inashika moto.

Tukio hili tulilisimulia kama kichekesho mpaka likamfikia kijana wa mwanachama mmoja, aliyesomea ufundi wa redio. Yeye hakucheka. Alituletea kibao chembamba kilichopakwa shaba upande mmoja, akachora mistari juu ya shaba kwa kalamu ya wino usiofutika, akakitumbukiza kwenye dawa ya kahawia iitwayo kloridi ya chuma. Baada ya muda shaba yote ilikuwa imeliwa isipokuwa chini ya wino. Akafuta wino, mistari ya shaba ikabaki inang'aa. Akasema, "Mama zangu, hizi ndizo nyaya za ndani ya redio. Hii si batiki ya chuma?"

Kweli ilikuwa batiki. Akaendelea: kama kostiki inakula sufuria ya alumini, basi itakula na utando wa alumini ulio nyuma ya kioo cha bei nafuu, tena upesi sana. Siku hiyo tukajua kwamba mashine ya shilingi 2,400,000 ilikuwa ni ndoo yetu ya sabuni na masufuria yetu ya nta.

KAZI HII ILIANZA WAPI

Tulimwomba mwalimu mmoja mstaafu, mlezi wa kikundi, atusomee vitabu na kutueleza. Tuliyoyapata yalitufundisha sana, na tunayaweka hapa kwa ufupi.

Huko Ulaya, tangu karne ya 15, mafundi waliotengeneza mavazi ya chuma ya vita walitaka kuyapamba. Kuchonga chuma kigumu kwa patasi ni kazi ya kuvunja mkono. Basi wakapaka chuma kwa nta au vanishi, wakachora kwa kuikwangua, kisha wakamwagia maji makali yanayokula chuma palipo wazi. Maji hayo walikuwa wakiyatengeneza kwa vitu vya kawaida kama siki, chumvi na mrututu. Mrututu huo ndio uleule wazee wetu wa kahawa huku Kilimanjaro waliochanganya na chokaa wakanyunyizia mibuni isishikwe na magonjwa.

Fundi mmoja wa mavazi hayo, Daniel Hopfer wa mji wa Augsburg, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1536, alifikiri mbele zaidi. Bamba la chuma lililoliwa hivyo ukilipaka wino, michirizi inashika wino, na ukiligandamiza kwenye karatasi unapata picha. Picha za namna hiyo yenye tarehe ya zamani kabisa inayojulikana ni ya Urs Graf wa Uswisi, mwaka 1513. Albrecht Dürer naye alifanya sita tu, kati ya 1515 na 1518, akaacha. Mabamba yao yalikuwa ya chuma, na chuma kina kutu.

Baadaye wakahamia kwenye shaba, lakini taabu kubwa ilikuwa kwenye kinga. Nta laini ilibanduka, maji makali yakapenya pasipotakiwa, kazi ya wiki nzima ikaharibika. Mfaransa Jacques Callot, aliyeishi 1592 hadi 1635, alichukua vanishi ngumu iliyotumiwa na mafundi wa vinanda vya nyuzi akaifanya kinga. Hapo ikawezekana kuchora mstari mwembamba sana na kurudia kuumwagia dawa mara kadhaa bila kinga kubanduka. Mwenzake Abraham Bosse akaandika yote hayo kwenye kitabu mwaka 1645, na dawa aliyoieleza ilikuwa na siki, chumvi, chumvi ya amonia na ile kutu ya kijani ya shaba. Rembrandt wa Uholanzi, ambaye wasomi humhesabu miongoni mwa wachoraji wakubwa wa dunia, alitoa picha karibu 300 kwa njia hii, akikwangua kinga laini kwa sindano kama mtu anayeandika barua.

Halafu tuje karibu na siku zetu. Mhandisi Paul Eisler, aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, alihamia London mwaka 1936. Alitengeneza redio ambayo badala ya kusokotewa nyaya moja moja kwa mkono, nyaya zake zilikuwa mistari ya shaba iliyobaki baada ya utando wa shaba kuliwa. Mwaka 1943 akaomba hataza ya njia hiyo. Leo simu uliyo nayo kwenye pochi, redio na saa ya ukutani, vyote vina kibao cha namna hiyo.

Ukiitazama historia hii yote, utaona dawa ya kula haikubadilika sana. Chumvi, siki, tindikali, basi. Kilichobadilika ni kinga: nta, vanishi, wino. Kila aliyepata kinga nzuri zaidi ndiye aliyesogeza kazi mbele. Hili tulilisikia, lakini tulikuja kulielewa baada ya kuharibu vioo vyetu wenyewe.

KIOO NA UTANDO WAKE

Kioo cha kujitazamia ni kioo cha kawaida kilichopakwa utando wa madini kwa nyuma, na juu ya utando pakapakwa rangi ya kuulinda. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alipata njia ya kupaka fedha kwenye kioo kwa dawa, badala ya bati na zebaki zilizokuwa zikiwaumiza mafundi. Alumini ilikuja karne moja baadaye. Katika miaka ya 1930 Mmarekani John Strong alifaulu kuchemsha alumini ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ikawa mvuke, ikaganda juu ya kioo kama umande. Mwaka 1935 kioo cha darubini kubwa ya Mount Wilson huko California, chenye upana wa inchi 100, kilipakwa hivyo.

Utando huo ni mwembamba ajabu. Ukigawa milimita moja mafungu elfu kumi, unene wake ni kama fungu moja tu hivi. Shaba ya kibao cha redio ni nene kuliko huo karibu mara 350. Ndiyo maana shaba inataka kuloweshwa kitambo katika dawa kali, wakati utando wa alumini unaondoka upesi kwa kostiki iliyozimuliwa sana. Tulifurahi kusikia kwamba hata watazamaji wa nyota, wanapotaka kupaka upya kioo cha darubini, wanaweza kuondoa alumini ya zamani kwa kostiki, hii hii ya sabuni.

TULIVYOKOSEA

Kosa la kwanza lilikuwa la ubahili. Ili nta isiishe, tulichanganya na mafuta ya ng'ombe ya zamani, kama tulivyozoea kurefusha mboga. Tukapiga mihuri, tukamwagia kostiki, tena tuliiweka kali na ikiwa bado ya moto. Kingo za maua zikaanza kutoa povu, halafu maua yenyewe yakatelezeka. Wanawake wa sabuni kumi na saba tumesimama pale tunashangaa, mpaka mmoja akasema, "Si tumetengeneza sabuni!" Mafuta na kostiki ni sabuni, tulijua siku zote. Kinga yetu ilikuwa inageuka sabuni mbele ya macho yetu. Tangu hapo tunatumia nta ya mshumaa ya parafini peke yake, maana hiyo kostiki haiigusi.

Kosa la pili lilikuwa la haraka. Mwaka 2019 tulinunua vioo 30 kwa pamoja ili tupunguziwe bei. Vilikuwa vizuri, vizito. Tukamwagia kostiki, hakuna kilichotokea. Tukaongeza, hakuna. Kumbe vilikuwa vya fedha, na fedha haiondoki kwa kostiki. Ipo tindikali ya kuiondoa, lakini ni ya hatari na sisi tulikataa kuileta penye watoto. Vioo vile tuliviuza kama vilivyo kwa hasara ndogo. Sasa kabla ya kununua tunaomba kipande, tunakwangua rangi kidogo pembeni, tunatia tone moja. Ikiwa ni alumini, vitone vya hewa vinaonekana na mahali pale panakuwa wazi mara moja. Pia ukikwangua ukaona wekundu wa shaba chini ya rangi, jua hicho ni cha fedha.

Kosa la tatu lilikuwa la majira. Mwezi wa saba baridi ya Moshi inashika, kioo kinakuwa kama barafu. Nta ya moto ikigusa inaganda kabla haijashika, na baadaye inabanduka kama ganda la yai. Dawa yake ni kuanika kioo juani kwanza, kikawa vuguvugu.

TUNAVYOFANYA SASA

Zipo njia mbili, zote rahisi.

Njia ya sindano ni ya mistari myembamba. Hapa hatupaki kinga yoyote, kwa sababu rangi ya nyuma ya kioo ndiyo kinga. Tunachora kwa kukwangua rangi kwa sindano ya kushonea magunia, kisha tunapitisha pamba yenye kostiki juu ya mistari. Utando unaondoka, mstari unakuwa wazi.

Njia ya muhuri ni ya maua makubwa. Kwanza tunaondoa rangi ya nyuma taratibu kwa dawa ya kutolea rangi, bila kusugua, kwani utando ukiguswa tu unachubuka. Tunaanika kioo, tunapiga muhuri wa nta, tunaacha ipoe kabisa. Halafu tunapaka kostiki iliyopoa, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Palipo na nta panabaki kioo, pengine pote panakuwa wazi. Tunasuuza kwa maji mengi, tunatoa nta kwa mafuta ya taa, tunakausha, kisha tunapaka rangi ya mafuta nyuma yote. Rangi hiyo ndiyo inayoonekana kwa mbele, na ndiyo inayolinda utando uliobaki. Ukiuacha wazi, unyevu utauharibu.

Kuhusu usalama hatuna mzaha. Glovu na miwani ni lazima. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Chombo ni plastiki, sufuria ya alumini imepigwa marufuku, na ile yenye tundu tumeitundika ukutani kama picha ya mwalimu. Ikikurukia, osha kwa maji mengi sana bila kusubiri kuuliza, na ikiingia jichoni endelea kuosha huku ukipelekwa hospitali. Watoto hawaingii stoo.

HESABU YETU

Kioo kidogo tunakinunua shilingi 2,500. Nta, kostiki na rangi havifiki shilingi 700 kwa kioo kimoja. Tunakiuza shilingi 9,000, na vikubwa vya zawadi za harusi na sendofu ni zaidi. Mwaka 2020 sherehe zilipungua kwa sababu ya korona, tukarudi kwenye sabuni, ambayo mwaka ule ilitakiwa sana. Mwaka 2021 vioo vikaanza tena. Tarehe ya mkutano wa Desemba 2022 mweka hazina alisoma kwamba ile 800,000 imerudi yote mfukoni. Tulipiga vigelegele, na wapo waliolia.

Wale wenzetu watano tuliwapelekea habari. Watatu wamerudi na leo wako hapa nasi. Wawili hawajarudi, lakini tunasalimiana sokoni, na mlango uko wazi.

MWISHO

Tunawaambia vijana wetu na vikundi vinavyokuja kutuuliza: kabla hujanunua mashine, angalia stoo yako. Na mkijifunza kazi hii, msihangaike na dawa ya kula, hiyo ni ya bei rahisi na inapatikana kila duka. Hangaikeni na kinga. Kinga ikiwa safi, ua linatoka. Kinga ikichanganywa na kitu kibovu, hata dawa nyepesi italiharibu.

Nasi katika kikundi tumeona ni vivyo hivyo. Shida za kula fedha hazikosekani: msiba, ada, ugonjwa, na matapeli. Kilichotubakiza ni daftari linalosomwa mbele ya wote, sanduku lenye funguo tatu kwa watu watatu, na ile kanuni ya kutonunua tusichokijua, ambayo tuliipata kwa gharama ya shilingi 800,000.

Umoja ni nguvu. Karibuni bandani mjitazame.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote